Tope Linalopanda Kati ya Mataruma

Kati ya Kilosa na Gulwe, Reli ya Kati ya Tanzania hupita bondeni ikiandamana na mto Mkondoa kwa takriban kilomita 80. Mto huo umekuwa jirani mgumu tangu Wajerumani walipoijenga njia hiyo mwanzoni mwa karne iliyopita, na anayefuatilia habari za reli nchini anakumbuka mvua za Desemba 2009 na Januari 2010, zilizosomba matuta na kuacha reli zikining'inia hewani hata huduma za treni katika kipande hicho zikasimama kwa miezi. Tuta lililosombwa hupigwa picha, huzungumzwa bungeni na hutengewa fedha za dharura. Ninachotaka kukijadili hapa hakipigwi picha. Ni udongo laini unaobaki baada ya maji kupungua, uliojipenyeza katikati ya kokoto zilizobeba mataruma, yaani vile vipande vya chuma au zege vinavyolala chini ya reli, mahali ambapo hautaonekana mpaka kokoto zifukuliwe.

Ninashikilia kwamba uchafu huo, kuliko uchakavu wa reli zenyewe au umri wa vichwa vya treni, ndio unaoamua kama njia itatulia au haitatulia. Ninashikilia pia kwamba kushindilia kokoto chafu bila kuzisafisha ni kununua utulivu wa wiki chache kwa bei ya miaka mingi. Maneno hayo yanahitaji kuthibitishwa, na uthibitisho wake unaanzia katika kazi ambayo kokoto hufanya.

Asiyekaa karibu na reli anaweza kudhani kwamba kokoto zimemwagwa ili majani yasiote, au kwamba ni kifusi cha kulifunika tuta. Kumbe kila jiwe pale lina kazi. Eneo ambalo gurudumu la treni linagusa reli halizidi ukubwa wa sarafu ndogo, na kwenye reli ya kisasa ya Tanzania, ambayo imesanifiwa kubeba tani 35 kwa ekseli moja, yaani mhimili mmoja wenye magurudumu mawili, gurudumu moja linaweza kukandamiza eneo hilo dogo kwa tani 17 na nusu. Mzigo huo hauwezi kuachiwa udongo moja kwa moja, kwa kuwa hakuna udongo utakaouhimili. Reli huugawa kwa mataruma kadhaa, taruma huugawa kwa mawe yaliyo chini yake, na mawe, katika tabaka lenye kina cha sentimita 25 hadi 30, huutawanya mpaka unapofika kwenye udongo umekuwa mwepesi wa kuvumilika. Ili kazi hiyo iwezekane, mawe lazima yawe magumu, yatoke kwenye miamba kama matale au basalti, yawe yamepondwa ili yapate kingo kali, na mengi yao yawe na ukubwa wa milimita 30 hadi 60. Jiwe la mtoni lililolainishwa na maji halifai hata likiwa gumu kiasi gani, kwa sababu linateleza juu ya mwenzake. Kokoto zilizopondwa huumana kwa kingo zake, na kuumana huko ndiko kunakolishika taruma lisiende chini, lisiende kando, wala lisisogee mbele treni inapofunga breki.

Jambo jingine husahaulika kwa urahisi. Karibu asilimia 40 ya tabaka la kokoto safi ni nafasi tupu. Katika nafasi hizo maji ya mvua hushuka na kutoka kandoni ndani ya dakika chache, na humo ndimo mawe hupata mnepo wa kushuka kidogo treni ikipita na kurudi mahali pake ikishapita. Uchafu wa kokoto maana yake ni kujaa kwa nafasi hizo, na kila kinachozijaza, kiwe vumbi la jiwe, mchanga, mfinyanzi, nafaka iliyomwagika au mabaki ya mimea, hupunguza kitu ambacho mjenzi alikilipia kwa makusudi.

Uchafu huo hutoka wapi? Hapa ndipo ninapotofautiana na jibu linalotolewa mara nyingi. Mtaalamu wa Marekani Ernest Selig, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Massachusetts, alichunguza na wenzake njia nyingi za Amerika ya Kaskazini na kukuta kwamba kwa wastani asilimia 76 ya uchafu ilitokana na kokoto zenyewe kuvunjika na kusagika, huku uliopanda kutoka kwenye udongo wa chini ukiwa karibu asilimia 3 tu. Takwimu hiyo imekaririwa katika vitabu vya uhandisi dunia nzima, na ni ya kweli kwa njia zilizochunguzwa. Njia hizo, hata hivyo, hubeba treni nzito mno, na nyingi zimejengwa juu ya matuta yaliyoshindiliwa vizuri yenye mifereji inayotunzwa. Mhandisi atakayeichukua takwimu hiyo na kuipeleka Kidete au Godegode, kati ya Kilosa na Gulwe, mahali ambapo mto hupanda juu ya njia na kushuka ukiwa umeacha mchanga na tope, atakuwa anatibu mgonjwa wa Morogoro kwa vipimo vya mgonjwa wa Illinois.

Katika ukanda huo udongo huletwa kutoka nje. Mito inayoshuka kutoka upande wa Mpwapwa na Kongwa hupita kwenye ardhi kavu iliyolimwa na kulishwa mifugo kwa miaka mingi, na mvua kubwa za Desemba hadi Aprili huikuta ardhi hiyo ikiwa karibu uchi. Maji huchukua udongo, mto unapofika tambarare hupunguza mwendo na kuutua, kitanda chake kinainuka mwaka hadi mwaka, na tuta la reli ambalo miaka 100 iliyopita lilikuwa juu ya mto kwa kimo cha kutosha linajikuta karibu sawa nao. Mafuriko hayahitaji tena kuwa makubwa ili yafike kwenye kokoto. Mvua ya wastani inatosha.

Sehemu nyingine za njia zina adui tofauti. Kwenye nyanda zenye udongo mweusi wa mbuga, ambao huvimba unapolowa na kupasuka nyufa unapokauka, uchafu hupanda kutoka chini, hasa pale ambapo tabaka la changarawe la kutenganisha kokoto na udongo ni jembamba au halikuwekwa kabisa, kama ilivyokuwa desturi katika njia nyingi zilizojengwa enzi za ukoloni. Mijini uchafu hutoka juu. Reli ya zamani ya Kenya inapita katikati ya Kibera, ambako watu huvuka, hupanga bidhaa na kutembea juu ya njia siku nzima. Dar es Salaam njia inapita kati ya nyumba za Buguruni na Vingunguti. Vumbi la miguu, maji ya kufulia, taka na mifuko ya plastiki hushuka katikati ya mawe na kukaa humo. Sisemi hivyo kuwalaumu wakazi, ambao wengi wao hawana mtaro mwingine wa maji wala dampo lililo karibu. Ninasema kwamba shirika la reli linalosafisha kokoto za mjini bila kushirikiana na halmashauri katika suala la taka na maji machafu litasafisha tena baada ya muda mfupi.

Tofauti ya vyanzo ina uzito kwa sababu dawa nazo hutofautiana. Kama kokoto zinasagika zenyewe, dawa ni mawe bora zaidi na kupunguza kuyagonga. Kama tope linatoka mtoni, dawa ni mifereji, makalvati yenye nafasi ya kutosha, kuinua tuta, na kazi ya muda mrefu ya kuhifadhi ardhi huko juu milimani. Kama linapanda kutoka chini, kusafisha kokoto peke yake ni kazi bure, maana mvua mbili tatu zitalirudisha. Lazima tabaka la chini lifukuliwe na kuwekewa changarawe iliyopangwa vizuri au kitambaa maalumu kinachopitisha maji na kuzuia udongo. Njia pekee ya kujua ni kuchimba, kuchukua sampuli, kuikausha na kuichekecha.

Selig alipendekeza kipimo rahisi ambacho hata maabara ya wilaya inaweza kukifanya: chukua asilimia ya uzito wa sampuli inayopita kwenye chekeche la milimita 4.75, ijumlishe na asilimia inayopita kwenye chekeche la milimita 0.075. Jumla ikiwa chini ya 1, kokoto ni safi. Ikifika 20 zimechafuka. Ikifika 40 zimechafuka mno. Anayekitazama kipimo hicho kwa makini ataona kwamba unga laini kabisa huhesabiwa mara mbili, kwa kuwa kinachopita kwenye tundu dogo kilishapita kwenye kubwa. Huenda ikaonekana ni kosa la hesabu. Kwa maoni yangu ni haki kabisa, kwa sababu unga huo ndio wenye madhara makubwa kuliko kiasi chake, na hilo linaonekana mara mvua inaponyesha.

Tope linapolowa hufanya mambo mawili kwa pamoja. Kwanza hulainisha kingo za mawe. Mawe yaliyokuwa yameumana sasa yanagusana kupitia utando wa mfinyanzi, na uwezo wake wa kushikana hupungua hata kama kwa macho tabaka linaonekana limejaa na limekaza. Pili, maji hukosa pa kutokea. Gurudumu likipita, taruma hushuka na kuyaminya maji yaliyonaswa. Kwa kuwa hayana njia ya kando, hupanda juu yakiwa yamebeba udongo. Gurudumu likiondoka, taruma huinuka na kufyonza maji mengine kutoka chini. Treni ya mabehewa 40 yenye ekseli nne kila moja hurudia tendo hilo mara 160 juu ya taruma moja, na baada ya treni chache utaona duara la tope la kijivu limezuka juu ya kokoto kama uji uliofurika chunguni. Wafanyakazi wa njia hawahitaji mashine kuyatambua maeneo hayo. Mara nyingi huanzia kwenye viungo vya reli, ambako gurudumu hugonga, na karibu na madaraja na makalvati, ambako njia inatoka kwenye zege gumu na kuingia kwenye udongo laini.

Kuanzia hapo uharibifu hujiendeleza wenyewe. Chini ya taruma lililochimbiwa na tope hubaki uwazi, na taruma linakuwa limening'inia kwenye reli badala ya kuibeba. Aliyewahi kulala kwenye kitanda cha kamba ambacho kamba moja imelegea anajua kwamba uzito huhamia kwa kamba za jirani, nazo hulegea kwa zamu yake. Mataruma ya kando hupokea mzigo ambao si wake, kokoto zilizo chini yake husagika zaidi, vumbi linaongezeka, maji yananaswa zaidi. Mbaya zaidi ni pale upande mmoja unapozama kuliko mwingine. Reli ya kushoto ikishuka na ya kulia ikabaki juu ndani ya mita chache, njia inakuwa na msokoto, na behewa lenye fremu ngumu haliwezi kujipinda kuufuata. Gurudumu moja linabaki na uzito mdogo kuliko mengine, na likiwa kwenye kona linaweza kupanda juu ya reli na kuacha njia hata treni ikiwa inakwenda polepole. Ndiyo maana kupunguza mwendo, ingawa ni hatua ya lazima, hakuiondoi hatari yote.

Kiangazi huficha haya yote, na kwa maoni yangu hilo ndilo tatizo kubwa zaidi kwa nchi kavu kama za Dodoma na Singida. Tope lililokauka hushikamana na kokoto kama udongo uliopigwa ukutani. Mkaguzi akipita Agosti hukuta njia imetulia, haitetemeki, na pengine ataiandikia alama nzuri. Utulivu huo ni wa uongo. Tabaka lililoganda limepoteza mnepo, kila kishindo cha gurudumu kinarudi kwenye reli na taruma bila kupunguzwa, na mataruma ya zege hupata nyufa. Kisha mvua ya kwanza ya Desemba inageuza ugumu huo kuwa utelezi, ndani ya siku chache, katika msimu ambao barabara nazo zimeharibika na mizigo mingi inaitegemea reli. Ukaguzi wa kiangazi peke yake unapima njia katika siku zake nzuri.

Njia ya zamani ya geji ya mita, yaani yenye nafasi ya mita moja kati ya reli zake mbili, ina udhaifu wake wa pekee. Sehemu kubwa iliwekewa mataruma ya chuma yenye umbo la mtumbwi uliopinduliwa. Taruma la namna hiyo ni jepesi. Linategemea kokoto zilizojazwa ndani ya tumbo lake ili lipate kushika chini. Tumbo likijaa tope, taruma linabaki bamba la chuma lililolala juu ya utelezi. Hakuna reli mpya wala kifungio kipya kitakachofidia hilo.

Wapo watakaosema kwamba mjadala huu ni wa njia za zamani, na kwamba reli ya kisasa imeyamaliza mambo hayo. Nimeisikia hoja hiyo kwa watu ninaowaheshimu, na ina sehemu yake ya ukweli: matuta ya reli mpya ni marefu, yana tabaka la kutenganisha, na mifereji yake imejengwa kwa zege. Reli ya Mombasa hadi Nairobi iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, na ile ya Dar es Salaam hadi Dodoma iliyoanza mwaka 2024, haziwezi kulinganishwa na tuta la Kidete. Hata hivyo, hoja hiyo inasahau mambo mawili.

La kwanza ni uzito. Tani 35 kwa ekseli ni mzigo mkubwa sana kwa viwango vya dunia, na hata kama treni za mwanzo ni za abiria, nyepesi, lengo la njia ni mizigo. Kadiri treni zinavyokuwa nzito ndivyo kokoto zitakavyosagika zenyewe, na hapo ile asilimia 76 ya Selig itaanza kutuhusu kweli. La pili ni kwamba reli za kisasa zimeunganishwa kwa kuchomelewa, hazina nafasi za kutanukia. Jua likizipasha, haziwezi kurefuka, kwa hiyo nguvu ya kutanuka hujikusanya ndani ya chuma. Hesabu yake ni nyepesi: kwa reli yenye uzito wa kilo 60 kwa mita, kila nyuzi moja ya Selsiasi huzalisha msukumo wa karibu tani 1.9, na joto la nyuzi 30 juu ya lile ambalo reli ilifungiwa huzalisha zaidi ya tani 55 katika reli moja, yaani zaidi ya tani 110 katika njia yenye reli mbili. Kinachozuia msukumo huo usiitupe njia kando kama nyoka ni mshiko wa kokoto chini ya mataruma, kati yake na pembeni mwake. Kokoto zikiwa zimelainishwa na tope, au zikiwa zimetoka tu kuvurugwa na mashine, mshiko huo hupungua wakati uleule ambao chuma kinausukuma. Kwa mwambao wetu kipindi cha kuangaliwa kwa makini ni Machi, masika yanapoanza huku jua la kati ya mvua mbili likiwa bado kali. Treni ya kilomita 160 kwa saa haisamehi mpindo ambao treni ya kilomita 40 ingeweza kuupita kwa kuyumba.

Wamarekani walijifunza kwa njia ngumu kwamba hata njia imara sana haina kinga. Mei 2005, katika jimbo la Wyoming, treni mbili za makaa ya mawe ziliacha njia ndani ya siku mbili kwenye mojawapo ya njia zenye shughuli nyingi kuliko zote duniani. Vumbi la makaa lililokuwa likipeperuka kutoka kwenye mabehewa ya wazi kwa miaka mingi lilikuwa limejaza kokoto, na mvua na theluji za majira hayo zikalilowesha. Vipimo vya maabara vilivyofanywa baadaye katika Chuo Kikuu cha Illinois vilionyesha kwamba vumbi hilo likilowa hupunguza uwezo wa kokoto kushikana kuliko mfinyanzi wa kawaida. Kampuni za reli za huko hatimaye ziliwabana wenye mizigo walifunike vumbi lao, kwa kusawazisha juu ya makaa na kuyanyunyizia dawa ya kuyagandisha. Ninalitaja tukio hilo kwa sababu linaonyesha kwamba mzigo wenyewe unaweza kuwa chanzo cha uchafu. Tunapojiandaa kubeba klinka ya kutengenezea saruji, mbolea, nafaka na madini kwa wingi ambao hatukuwahi kuubeba, masharti juu ya mabehewa yanayovuja yaandikwe kwenye mikataba ya usafirishaji sasa, wakati kokoto bado ni nyeupe.

Turudi kwenye kushindilia, maana ndiko fedha nyingi zinakokwenda. Mashine ya kushindilia huinua njia, huingiza vyuma vyake kati ya mataruma, hutikisa na kuyabana mawe yajaze uwazi uliopo chini. Kwenye kokoto safi ni kazi nzuri sana, na njia inaweza kukaa vizuri kwa muda mrefu. Kwenye kokoto chafu vyuma hivyo vinasukuma mchanganyiko wa mawe na tope ambao hauwezi kuumana. Njia inanyooka siku hiyo, na baada ya treni kadhaa inarudi karibu na umbo lake la awali, kana kwamba inakumbuka ilipokuwa imelala. Zaidi ya hapo, kila mara vyuma vinapoingia huvunja kingo za mawe, hivyo tiba yenyewe huongeza ugonjwa. Wasimamizi wa reli za Ulaya wamejiwekea kanuni kwamba kokoto zikifika mahali ambapo asilimia 30 ya uzito wake inapita kwenye chekeche la milimita 22.4, zinapaswa kufukuliwa na kusafishwa. Kanuni hiyo inafaa kuigwa, ikirekebishwa kwa hali zetu, kwa sababu inamwondolea meneja wa njia kishawishi cha kushindilia tena kwa vile tu mashine ipo na mafuta yapo.

Gharama za kuahirisha hazionekani kwenye fungu la matengenezo. Zinaonekana kwenye ratiba. Chukulia kipande cha kilomita 30 ambacho treni ilikuwa ikikipita kwa kilomita 50 kwa saa, kisha kikawekewa kizuizi cha kilomita 15 kwa saa kwa sababu ya tope. Dakika 36 zinakuwa saa mbili. Treni moja imepoteza dakika 84, na kwenye njia moja ambako treni hupishana kwenye stesheni, treni nyingine inayosubiri imepoteza nazo. Mwenye kontena la kwenda Bujumbura au Kigali hataambiwa kwamba kokoto za mahali fulani zimechafuka. Ataona tu kwamba lori limefika mapema, na safari ijayo atalipa lori.

Je, kusafisha si ghali? Ni ghali. Mashine kubwa inayofukua kokoto, kuzichekecha na kuzirudisha njiani haipatikani kwa bei ndogo, na inahitaji njia ifungwe kwa saa kadhaa. Lakini si kila mahali panahitaji mashine hiyo. Kwa madoa ya tope ya mita 10 au 20, kazi iliyofanywa na magengi ya njia kwa vizazi, kwa sururu, chepeo na uma wenye meno mapana unaobakisha mawe na kuachia udongo, bado ni kazi halali ya kihandisi. Ninasikitika kila ninapoona mpango wa matengenezo unaohesabu mashine kwa majina na kuyataja magengi kwa sentensi moja. Mfanyakazi anayetembea kilomita zake kila asubuhi anajua taruma gani linapiga maji na mtaro gani umezibwa na mchanga tangu mvua ya juzi. Ujuzi huo hauna mbadala, na hugharimu mshahara, viatu vya mvua na daftari.

Mpangilio wa kazi ndio ninaoutetea kwa nguvu zote: mifereji kwanza, usafi wa kokoto pili, kushindilia mwisho. Kokoto zilizosafishwa kando ya mtaro uliozibwa zitachafuka tena, na njia iliyoshindiliwa juu ya kokoto chafu itazama tena. Fungu la mifereji lifungwe ndani ya bajeti ya matengenezo ili lisiweze kuhamishiwa kwenye kazi nyingine katikati ya mwaka, kwa maana mtaro ni kitu rahisi kuahirisha na hakuna abiria atakayeuulizia.

Pa kuanzia pako wazi. Kati ya Kilosa na Gulwe, na kwenye kilomita chache za nyanda za udongo wa mbuga kwa ajili ya kulinganisha, yachimbwe mashimo ya majaribio Oktoba, kabla ya mvua, na yachimbwe tena Aprili, palepale, kwa kina kilekile, sampuli zichekechwe na matokeo yatangazwe kwa kila kilomita pamoja na kizuizi cha mwendo kinachotumika hapo. Shimo moja linahitaji watu wanne na nusu siku kati ya treni mbili. Rada ya kupenya ardhini inaweza kufuata baadaye ili kujaza nafasi kati ya shimo na shimo, ila isitangulie, kwa kuwa picha yake haisomeki bila sampuli ya kuilinganisha nayo. Baada ya misimu miwili tutakuwa na takwimu zetu wenyewe juu ya kinachotoka mtoni, kinachopanda kutoka chini na kinachosagika njiani, na mhandisi wa Morogoro hatalazimika tena kukisia kwa asilimia za Amerika ya Kaskazini.